Mwaka wa Chumvi ya Buluu

Ipo nchi juu milimani ambayo wenyewe huiita Jamhuri ya Utulivu. Haimo kwenye ramani nyingi. Inasemekana serikali yake ndiyo iliyoomba iondolewe, kwa maelezo kwamba nchi ikionekana mno hupata wageni, na wageni huuliza maswali. Hakuna sababu ya kutoyaamini maelezo hayo.

Ni nchi ya mvua nyingi. Mvua hiyo imenyesha miaka na miaka, na pamoja na vumbi na majani makavu imeosha udongoni kitu kidogo kisichoonekana, kiitwacho madini joto, ikakiteremsha mabondeni na kukifikisha kwenye bahari, ambayo ni mali ya watu wengine. Mihogo ya huko inashibisha vizuri, kabichi ni kubwa kama kichwa cha mtu, maziwa ni mazito. Lakini kitu kile hakimo katika chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo watu wa Jamhuri huvimba shingo. Na baadhi ya akina mama huzaa watoto wasiosikia, wanaochelewa kutembea, na wengine wasioweza kulijua hata jina lao.

Serikali ililiona jambo hili mapema. Kiongozi wa nchi, ambaye cheo chake ni Mtulizaji Mkuu, alikuwa na rovu lake mwenyewe, uvimbe huohuo wa shingo, na mafundi wa nguo walikuwa wameshaondoa kola katika mavazi yote ya heshima. Wizara ya Afya na Shingo ilimtuma Bi. Atuganile, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza, azunguke vijijini na utepe apime. Mwaka wa kwanza alirudi na habari kwamba watu sita katika kila kumi wana rovu. Mwaka wa pili wizara ilimpa utepe mwingine, wa mpira. Utepe ule ulikuwa na adabu: ukivutwa unavutika. Shingo zote za Jamhuri zikawa na sentimita thelathini na tatu, na neno rovu likafutwa kwenye fomu kwa kuwa halikuwa na kazi tena.

Mtu ambaye hakupewa utepe wa mpira alikuwa Ambakisye, mkaguzi wa chumvi wa Wilaya ya Juu.

Ambakisye hakuwa amesoma sana. Aliyoyajua aliyapata katika kitabu kimoja cha afya alichokiokota mnadani, kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, akakisoma mara nyingi hadi akajua hata mahali palipochanika palikuwa pamesema nini. Humo ndimo alimosoma kwamba madini joto yakitiwa kidogo tu kwenye chumvi, kijiji kizima hupona. Na kwamba mama mjamzito anayahitaji kuliko wote, tena miezi ya mwanzo, wakati mtoto anajengwa masikio na ubongo. Miezi hiyo ikipita haina marudio.

Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Alikuwa na kichupa cha dawa. Alichota chumvi dukani, akaiweka kwenye kisahani cheupe, akaidondoshea tone moja. Chumvi yenye madini joto hugeuka buluu. Isiyo nayo hubaki nyeupe. Kisha aliandika kwenye jedwali alilolibuni mwenyewe miaka tisa iliyopita. Karatasi zilikuwa haba wakati ule, naye akabana nafasi: jina la duka, tarehe, na safu moja ya matokeo aliyoiita Rangi. Aliona inatosha. Kila mwenye akili ataelewa kwamba ni rangi baada ya tone.

Kwa miaka tisa aliandika nyeupe.

Aliandika bila hasira. Hakuwa mwepesi wa kumlaumu mtu. Aliamini kwamba huko juu kuna mtu anayeyasoma majedwali, kwamba mtu huyo ana kazi nyingi, na kwamba siku moja atalifikia lake. Pembeni ya kazi hiyo aliwashauri akina mama waache desturi yao ya kuning'iniza kibuyu cha chumvi juu ya moto, kwa sababu hata madini yakiwemo, moshi na joto huyafukuza. Chumvi ikae chombo chenye kifuniko, itiwe sufuria ikishaepuliwa. Akina mama walimsikiliza kwa heshima, kisha wakarudisha vibuyu mahali pake.

Nyumbani alikuwa na binti yake, Sekela, na mjukuu wake Bupe. Mume wa Sekela alikuwa jeshini, akilinda mpaka uliofungwa. Bupe alikuwa na miaka saba. Alianza kutembea akiwa na mitano, kwa miguu migumu kama ya mtu anayevuka tope, na hakuwa amewahi kusikia wala kusema neno. Alipenda vitu vinavyotetemeka. Mashine ya kusaga ya kijiji ikiwashwa, Bupe huweka viganja viwili kwenye ukuta wake na kucheka mpaka machozi yanamtoka.

Jumanne moja Sekela alimaliza kuosha vyombo, akaja kuketi karibu na baba yake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Baba, nina miezi miwili," alisema.

Ambakisye alihesabu kwa vidole. Hakuhesabu siku ya kuzaa. Alihesabu siku zilizobaki za masikio.

"Safari hii utakula chumvi ya kweli, mwanangu," alisema.

"Iko wapi, Baba?"

Hilo ndilo alilokuwa hajalijua.

*

Njia ya kwanza aliyoifikiria ilikuwa samaki wa baharini, kwa kuwa kilichooshwa milimani kinapatikana huko chini. Lakini mpaka wa nchi ya pwani ulikuwa umefungwa tangu redio ya majirani hao ilipotangaza kwamba kutanyesha milimani, nayo haikuwa imeomba kibali cha kutabiri mvua ya watu. Dagaa wote wa chumvi waliokuwa njiani walirudishwa. Mume wa Sekela mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowarudisha, na alisifiwa.

Njia ya pili ilikuwa kusema. Ambakisye alinyoosha shati lake, akachukua majedwali ya mwaka mzima, akaenda kwa Mkurugenzi Nsajigwa, mkuu wa Idara ya Chumvi. Mkurugenzi alikuwa na meza pana sana. Ambakisye aliamkia, akasubiri kukaribishwa kiti, hakukaribishwa, akabaki amesimama.

Ilitokea kwamba wiki ile wafadhili walikuwa wameiandikia wizara wakitaka ushahidi kwamba chumvi tisa katika kila kumi ni nzuri. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, mtu alikuwa amelisoma jedwali.

"Mzee Ambakisye, jedwali lako linaninyima usingizi," alisema Mkurugenzi. "Kote umeandika nyeupe."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni nyeupe."

"Na wewe mtaalamu wetu unasema inatakiwa iwe na rangi gani?"

"Buluu, Mheshimiwa. Lakini hiyo ni baada ya..."

"Buluu," alisema Mkurugenzi huku akiandika. Alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. "Miaka tisa tatizo lilikuwa hili tu, na hukuja kuniambia."

Ambakisye alitaka kuendelea, lakini Mkurugenzi alikuwa ameshainua simu. Alitoka akijiambia kwamba huenda mkubwa yule amempigia mtu anayejua, na kwamba si vizuri kumdhania mtu vibaya kabla hajatenda.

Mkurugenzi alitenda. Mwezi huohuo Kiwanda cha Taifa cha Chumvi kilipokea malori matatu ya buluu ya kufulia nguo, ikakorogwa humo kwa makoleo, na chumvi ikatoka kiwandani na rangi ya shati la shule. Waziri alizindua gunia la kwanza mbele ya bendi.

"Mataifa mengine yanahangaika kuficha madini ndani ya chumvi, mahali ambapo mwananchi hayaoni," alisema Waziri. "Yanamtaka aamini tu. Sisi, kwa kuongozwa na Mtulizaji Mkuu, tumeuleta ubora nje, juu ya chembe, hadharani, ambapo hata asiyejua kusoma ataushuhudia. Kuanzia leo hakuna chumvi mbaya katika nchi hii, na atakayedai ipo, na aioneshe."

Watu walipiga makofi. Farasi wa gwaride waliinamisha vichwa kidogo kabla ya makofi, kama walivyozoea.

Mboga zikawa buluu, na mchuzi wa maharage ukapata rangi ambayo haina jina. Ndimi za watu wa Jamhuri zikawa buluu pia, na hapo wizara ikaona njia ya kupima uzalendo bila gharama. Bi. Atuganile, ambaye shingo zilikuwa zimemwishia, alipewa cheo kipya cha Mkaguzi wa Ndimi. Alipita nyumba kwa nyumba na sauti yake ileile ya kubembeleza. "Toa ulimi, mama. Haya. Mungu akubariki." Aliweka alama, akaenda kwa jirani.

Ambakisye alifika dukani kwa Mama Tuntufye na kichupa chake. Mama Tuntufye alikuwa muuza chumvi mkubwa kuliko wote wa soko lile, na mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko duka.

"Bwana Matone karibu," alimwambia. "Leo utadondosha nini? Chumvi ya mwenzio imeshajidondoshea yenyewe."

Wateja wakacheka. Ambakisye naye alitabasamu kidogo, akachota chumvi, akaweka kwenye kisahani, akadondosha. Tone liliingia kwenye buluu likapotea. Alisogeza kisahani kwenye mwanga, akakigeuza upande huu na upande huu. Kama chumvi ile ilikuwa na kitu, asingejua. Kama haikuwa na kitu, asingejua vilevile.

Jedwali lilimuuliza Rangi. Alisimama nalo muda mrefu mpaka wateja wakaanza kumzunguka kupita. Hakutaka kuandika uongo. Aliitazama chumvi tena. Ilikuwa buluu. Akaandika buluu, akatia saini, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitafuta mahali ambapo uongo ulikuwa umeingilia, asipaone, isipokuwa katika ile safu aliyoibana kwa mkono wake ili kuokoa karatasi.

Mwezi ule Jamhuri ilifikia asilimia mia. Wafadhili walituma barua ya pongezi. Sekela alikuwa na miezi mitatu na nusu.

*

Amri ilisema chumvi yote katika Jamhuri ikaguliwe, na neno yote ndilo lililompeleka Ambakisye kwenye banda la farasi wa gwaride.

Farasi hao walikuwa kumi na wawili, zawadi ya taifa rafiki. Walikuja na maelezo ya matunzo yaliyoandikwa kwa lugha ya huko. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma, hakuna aliyeweza kuyarekebisha. Michoro ikafuatwa kama ilivyo, na kila baada ya miezi mitatu ndege ilileta kila kilichochorwa. Mojawapo ya michoro ilikuwa jiwe la chumvi la kulamba, lenye rangi ya tofali, linaloning'inizwa kwa kamba karibu na hori.

Mtunza farasi, Bwana Kyando, alikuwa na wasiwasi. Alieleza kwamba wiki iliyopita walileta chumvi ya buluu kwa ajili ya farasi, kama amri ilivyotaka, na farasi wakaikataa. Waliinusa, wakaipa mgongo, na mkubwa wao akalipiga teke gunia. Taarifa ikapelekwa juu, na jibu likaja haraka kwamba farasi waachiwe chumvi yao. Walikuwa ndio viumbe pekee katika Jamhuri waliokataa, na kukataa kwao kuliheshimiwa.

"Sasa sijui utaandika nini, mzee wangu," Kyando alisema. "Si buluu hii. Usije ukaniponza."

"Tuone kwanza," alisema Ambakisye.

Alikwaruza jiwe kwa kisu, unga kidogo ukaanguka kwenye kisahani. Akadondosha tone.

Unga ule uligeuka rangi kama wino. Ulianza katikati ukasambaa hadi pembeni, taratibu, bila kelele, sawasawa kama kitabu kilivyosema. Ambakisye hakuwa amewahi kuiona rangi hiyo kwa macho yake. Miaka tisa alikuwa anatafuta kitu asichokijua hata sura yake, naye alipokikuta kilikuwa kinalambwa na farasi.

"Mbona umeduwaa?" Kyando aliuliza. "Ina sumu?"

"Haina. Ni nzuri mno."

"Nawaambia watu kila siku wanyama hawa wana akili kutuzidi," Kyando alisema, akicheka. "Huyu hapa anafungua komeo kwa meno. Yule anajua hotuba inakaribia kuisha kabla ya mwenye hotuba."

Ambakisye alimweleza habari za Sekela, kwa kifupi, bila kumlilia. Akamwomba kipande kinachoweza kuenea kiganjani. Kyando aliacha kucheka. Alisema angempa kwa mikono miwili, lakini mawe yale hupimwa uzito kila jioni, na yeye ana watoto watano. Akamshauri aombe kibali.

Basi aliomba. Fomu ilitoka Kitengo cha Wanyama wa Heshima, nayo iliuliza jina la mnyama, rangi ya manyoya, idadi ya kwato, na magwaride aliyoshiriki. Ambakisye alijaza kwa mwandiko wake safi: Sekela, binti wa mkaguzi, manyoya, hana, kwato, hana, gwaride, alishiriki moja akiwa shule ya msingi. Wiki tano zilipita. Fomu ilirudi na maelezo kwamba safu ya kwato haipokei jibu la hana.

Alirudi kwa Mkurugenzi Nsajigwa, na kwa kuwa sasa idara ilikuwa na asilimia mia, safari hii alikaribishwa kiti. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema limemgusa. Alisema hata hivyo kwamba anayehitaji chumvi ile, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, si Sekela bali ni mtoto, na kwa hiyo mwombaji halali ni mtoto, na fomu ya mtoto inataka alama ya kidole gumba chake.

"Hajazaliwa, Mheshimiwa."

"Akizaliwa mlete."

"Akizaliwa itakuwa tumechelewa. Masikio yanajengwa sasa."

"Mzee wangu," alisema Mkurugenzi, kwa upole wa kweli, "serikali haiwezi kumpa mtu kitu ambacho hajakiomba. Tukianza hivyo, tutaishia wapi?"

Ambakisye alilifikiria swali hilo njiani, akajaribu kuona upande wa Mkurugenzi. Alijaribu kwa moyo mmoja. Hakuufikia.

*

Kulikuwa na njia nyingine, na ilikuwa mfukoni mwake tangu siku ya kwanza. Kanuni za idara zilimruhusu mkaguzi kuchukua sampuli ya kijiko kimoja kila anapokagua. Kila mwezi tangu aanze kukagua banda lile, Ambakisye alikuwa amechukua kijiko cha chumvi ya farasi, akakipeleka ofisini, akakidondoshea matone hadi kikaisha, kwa kuwa sampuli ni ya kupima. Halikumjia wazo kwamba upimaji ungetosha kwa chembe chache na kijiko kingebaki karibu kizima. Lilimjia siku moja akiwa anafunga viatu, naye akaketi chini na kiatu kimoja mkononi. Sekela alikuwa na miezi sita.

Hakuna aliyemzuia. Si Mkurugenzi, si Kyando, si fomu ya kwato. Alijizuia mwenyewe kwa uaminifu wake, na uaminifu wake ulifikiri polepole.

Siku hiyohiyo alienda bandani, akakagua, akaleta kijiko nyumbani ndani ya kikopo chenye kifuniko. Alimwonesha Sekela kiasi cha kutia, kidogo sana, sufuria ikishaepuliwa, na akamwambia aweke mbali na moto.

"Hii ndiyo yenyewe, Baba?" Sekela aliuliza. Aliionja. "Haina ladha ya sabuni."

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa mtoto atasikia?"

Ambakisye angeweza kusema ndiyo. Alifunika kikopo, akakisukuma kifuniko mpaka kikabana.

"Tumechelewa kidogo, mwanangu," alisema. "Lakini tule."

Walikula majuma matatu. Hata Bupe alikula, na kitabu hakikuwa kimesema kama kingemsaidia, ila Ambakisye aliona si haki kumnyima.

Katika juma la nne alikuja Bi. Atuganile. Aliingia akisalimu, akampa pole Sekela kwa mzigo, akamsifu kwa ngozi nzuri, akamwomba atoe ulimi. Sekela aliutoa. Ulikuwa mwekundu, msafi, kama wa mtu wa nchi nyingine.

Bi. Atuganile aliutazama kwa huzuni.

"Mama, umeacha lini kula chumvi yetu?"

Sekela hakujua kudanganya. Hilo alikuwa amelirithi. Kikopo kikaletwa mezani. Bi. Atuganile alikifungua, akakiangalia, akakifunga, akakitia kwenye mkoba wake pamoja na utepe wa mpira ambao bado alitembea nao kwa mazoea. Alisema anasikitika sana, na alionekana kusikitika. Kabla ya kuondoka alimtilia Sekela kijiko cha chumvi ya buluu kwenye uji, akasubiri aumalize, akaukagua ulimi tena, akaweka alama.

Ambakisye aliitwa wizarani. Hakufungwa. Mkurugenzi alisema Jamhuri haiwafungi wataalamu wake. Ilimtaka tu asikanyage tena banda la farasi, na ikamwandikia barua inayosema binadamu kula chumvi ya mnyama wa heshima ni kumshushia mnyama hadhi. Kanuni ya sampuli ilifutwa nchi nzima. Mkurugenzi alimuuliza kama ana la kusema, au ombi lolote.

Ambakisye alifikiri.

"Naomba jedwali liongezwe safu moja, Mheshimiwa," alisema. "Iitwe Kabla ya Tone. Mtu aandike rangi ya chumvi kabla, halafu rangi baada. Hapo itajulikana."

Mkurugenzi alisema ni ombi la busara, na akaliandika.

*

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akaitwa Ipyana. Alikuwa mzuri, mwenye nywele nyingi na kucha kama punje za mtama. Alinyonya, akalala. Majirani walisema hawajaona mtoto asiyesumbua kama huyu. Sekela alicheka kila aliposikia hivyo, kisha akamtazama baba yake, kisha akaacha kucheka.

Ipyana alikuwa na siku kumi na nane ilipofika Siku ya Chumvi. Uwanja wa wilaya uko jirani na nyumba ya Ambakisye, na mizinga ilikuwa imewekwa karibu na uzio. Waziri alihutubia. Farasi waliinamisha vichwa, makofi yakafuata, kisha mizinga ikapigwa ishirini na mmoja. Mabati ya mapaa yalitikisika. Kuku walikimbilia mihogoni, na watoto wachanga wa mtaa mzima walilipuka kulia kwa pamoja. Bupe aliweka viganja ukutani, akacheka.

Ipyana alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi kidogo. Mzinga wa kwanza ulipolia Sekela aligeuza shingo kumwangalia. Aliendelea kumwangalia hivyo hadi mzinga wa mwisho.

Bi. Atuganile alikuja siku ya tatu yake akiwa na bahasha. Alikuwa amepewa kazi mpya ya kuandikisha watoto watulivu, na habari za Ipyana zilikuwa zimemfikia. Ilikuwa hati nzuri, yenye mhuri na ukingo wa dhahabu. Iliandikwa: Cheti cha Utulivu, daraja la kwanza. Na chini yake: hakushtuka kwa mizinga ishirini na mmoja. Sekela aliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na akasema ahsante, mama.

Baada ya mgeni kuondoka Ambakisye alichukua sufuria ndogo na kijiko, akaenda akasimama nyuma ya kichwa cha mtoto, mahali ambapo haonekani. Akagonga mara moja.

"Ameshtuka, Baba?" Sekela aliuliza. Alikuwa ameelekea ukutani.

Ambakisye alisubiri kidogo, kwa kuwa kitabu kilisema mtoto apewe muda.

"Amesinzia," alisema. "Nitajaribu kesho."

Juma lililofuata yaliletwa majedwali mapya kutoka wizarani, rundo zima, karatasi nzito isiyopatikana siku hizi. Ombi lake lilikuwa limekubaliwa lote. Safu ya pili ilikuwepo, na juu yake imepigwa chapa: Kabla ya Tone. Na chini yake, katika kila mstari, ili kuwapunguzia wakaguzi kazi, palikuwa pameshachapwa buluu.

Ambakisye aliyasoma yote, karatasi moja moja, kama ilikuwapo iliyosahauliwa. Hakuikuta. Alienda sokoni siku hiyo kama siku nyingine, akamwamkua Mama Tuntufye, akadondosha tone kwenye buluu, akajaza safu iliyobaki.

Lakini mgongo wa majedwali ulikuwa mweupe, na hakuna aliyekuwa ameuchapa. Huko alichora mistari kwa rula. Kila asubuhi, Sekela akiwa mtoni, alisimama nyuma ya kichwa cha Ipyana na kugonga. Bupe alikuwa ameigundua shughuli hiyo, akawa anamshikia sufuria kwa mikono yote miwili. Kijiko kikigonga, mtetemo unampita viganjani, naye anacheka na kumtazama babu yake aongeze.

Ambakisye alimtazama mtoto kwa muda ule ambao kitabu kilisema. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti alichokitumia kama meza, akaandika tarehe, na mbele yake: hakugeuka. Akangoja wino ukauke. Akaandika chini yake tarehe ya kesho, na mbele yake akaacha wazi.